Maji ya Magotini

Kisima cha Bibi cha kukingia maji ya mvua kilichimbwa na Babu kabla baba yangu hajazaliwa. Mdomo wake ni mwembamba, tumbo lake pana kama la mtungi, na kuta zote zimekandikwa udongo mwekundu. Kila nyumba katika vilima vyetu vya Gansu ina kisima kama hicho uani, na kila kimoja kina kifuniko na kufuli. Mgeni akiomba mkate anapewa miwili. Akiomba maji, anaulizwa anaondoka lini.

Maji ya kisima cha udongo hayaachwi kushuka chini ya magoti. Yale ya mwisho si ya kunywa, ni ya udongo wenyewe. Ukikauka, unapasuka.

Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nikaomba ufunguo.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa pili bila mvua ya maana. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo na mbegu mpya ya viazi, isiyo na ugonjwa, inayostahimili ukame kuliko ile yetu ya zamani. Familia nane zilinipa shamba la pamoja. Tulipanda miche elfu moja, ili tukivuna tupate mbegu ya kijiji kizima. Sasa majani yalikuwa yamelala chini. Kila mche ulihitaji bakuli moja la maji, mara moja tu, ndani ya siku mbili. Lori la wilaya lilikuwa limegawa ndoo chache za kunywa. Niliomba kila nyumba maji ya magotini. Zote zilikataa, na zilikuwa na haki.

"Bibi, zimebaki ndoo hamsini," nilisema. "Zinatosha shamba zima."

"Hazijabaki. Hizo ni za kisima."

"Miche ikifa, mwakani tutapanda tena ile mbegu inayooza. Tutakula nini?"

"Na kisima kikifa tutakunywa nini? Hivyo viazi vyako?"

Jirani yetu Dou Mancang, aliyekuja kuomba moto wa kiko, alicheka mlangoni. "Mpe tu, mama mkubwa. Huyu mwalimu wa viazi atausomea udongo kitabu mpaka ulowe."

"Baba mdogo, na wewe una miche mia humo," nilimjibu.

"Ndiyo maana nacheka. Nikilia, si nitapoteza maji?"

Nilimweleza Bibi kwamba redio imetangaza mvua baada ya siku kumi, na kwamba kuta zitashika unyevu wiki tatu. Nilisema "wiki tatu" kama mtu aliyepima. Sikupima. Niliisoma hesabu hiyo chuoni, na ilikuwa ya udongo wa kwingine.

Bibi akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo.

"Wewe umesoma, Caixia," alisema. "Mimi sijasoma."

Ndoo za mwisho zilitoka na tope. Watu wa nyumba nane walijipanga shambani wakipokezana mabakuli, na hakuna aliyemwaga hata tone. Siku ya pili majani yakainuka. Nilirukaruka kama mtoto, na Mancang akazunguka kijiji akitangaza kwamba nimefufua wafu kwa matope.

Siku ya kumi ikapita bila wingu. Mvua ilikuja siku ya ishirini na sita, mchana, ikamwagika kwa saa moja. Ua ukawa mto. Tulikimbia na mifagio kuyasukuma maji kwenye mfereji wa kisima, Bibi akiwa kichwa wazi, nguo zimemgandama. Kisima kilijaa hadi shingoni. Alicheka, akafunga kufuli.

Asubuhi aliteremsha ndoo. Kamba ikaenda, ikaenda, mpaka tukasikia ndoo ikigonga chini.

Bibi alikaa ukingoni, kamba bado mkononi. "Maji ya mwaka mzima," alisema.

"Bibi, kosa ni langu."

"Ufunguo niliutoa mimi."

Visima vya wenzetu vilikuwa vimeshika maji. Mancang alikuja, akachungulia, akavua kofia. "Mtakunywa kwangu," alisema.

"Una watoto watano, Mancang," Bibi alisema.

Mancang alivaa kofia tena, akaenda kuleta taa.

Tuliteremsha taa kwanza, kupima hewa. Ilipoendelea kuwaka, Mancang alinifunga kamba kiunoni, akaniteremsha. Safari hii hakufanya mzaha. Chini kulikuwa na tope tu. Kwenye ukuta wa mashariki niliona ufa, kutoka usawa wa kifua changu hadi sakafuni.

"Umeuona?" Bibi aliita.

"Nimeuona."

"Mkono unaingia?"

Niliingiza vidole, kisha kiganja. "Unaingia mpaka kwenye kiwiko."

"Udongo wa kandokando bado mbichi?"

"Bado."

"Basi usipande. Anza kuziba sasa hivi, kabla haujakauka. Tukichelewa, mvua nyingine nayo itapotea."

"Kwani kuna mvua nyingine mwaka huu, mama mkubwa?" Mancang aliuliza taratibu. Alikuwa anauliza kweli.

Nilichota konzi ya kwanza ya tope nikaisukuma ndani ya ufa. Ikamezwa. Nikachota nyingine.