Pedi ya Mikono Miwili

Wateja wangu waliibatiza Mheshimiwa siku ya kwanza tu. Mashine mpya ya gemu, nailoni yake bado haijabanduliwa vizuri, na tayari ina jina la kejeli. Aliyeanza ni kinyozi wa mlango wa pili, mtu ambaye mdomo wake unafanya kazi kuliko mkasi wake. Aliishika pedi yake ya kuchezea kwa mkono mmoja, kama alivyozoea, mkono wa pili ukitafuta chupa ya soda. Pedi ikazima. Akaishika kwa miwili, ikawaka. Akaachia mmoja, ikazima tena.

"Kumbe huyu ni mheshimiwa," akasema. "Hasalimiwi kwa mkono mmoja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana mwenye ukumbi hawezi kununa mbele ya wateja. Nyuma kabisa, kwenye kona yake, Baba alikuwa ameketi anatazama ukuta. Baba hacheki tangu kiharusi kimpige, lakini wiki moja kabla ya siku ile angekuwa amebonyeza.

Ngoja nieleze habari ya kubonyeza, la sivyo hamtaelewa kwa nini nawachukia watu waliobuni ile pedi, na kwa nini najichukia mimi zaidi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Suti za nusu ya wanaume wa mtaa huu zilipita mikononi mwake, na alikuwa na maneno mengi kuliko vitambaa. Kiharusi kilichukua maneno yote kwa asubuhi moja. Kikachukua miguu, kikachukua upande wote wa kulia, kikamwachia kidole gumba cha mkono wa kushoto, na hicho nacho kwa manung'uniko. Kaka yangu, ambaye ni fundi redio, akachukua pedi moja ya zamani kutoka ukumbini kwangu, akaifungua, akavihamisha vitufe vyote vya maana upande wa kushoto, pale kidole kilipofika. Akaizungushia uzi wa bluu kutoka kwenye droo ya cherehani ya Baba ili isiteleze kiganjani. Tukaiunganisha na mashine ya nne, ile ya kwenye kona.

Mzee akaanza kucheza mpira. Alikuwa mchezaji mbovu ajabu. Alifungwa na kinyozi, alifungwa na mpita njia, siku moja alifungwa na mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Lakini alicheza kutwa nzima, na mama wa mazoezi aliyekuja kila Alhamisi kumnyoosha viungo alisema tusimnyang'anye hata kwa bahati mbaya.

Siku moja nikiwa napita na jagi, nilimuuliza, "Baba, maji?" bila kutegemea jibu. Mchezo kwenye tivi ukasimama. Alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kusimamisha. Nikamnywesha, akabonyeza tena, mchezo ukaendelea. Nikauliza, "Uji?" Mchezo ukasimama na kuendelea papo hapo: mara mbili. Uji hakuutaka. Niliweka jagi chini nikalia mbele ya wateja, sikujali.

Tangu siku hiyo tukawa na Baba tena. Tivi ikisimama ni ndiyo. Ikishtuka ikaendelea ni hapana. Kwa miaka miwili nilimuuliza kila kitu: shati lipi, dirisha lifungwe, huyu mchumba wangu vipi. Huyo mchumba alipigiwa mara mbili haraka hata sijamaliza swali, na Baba hakukosea.

Halafu likaja tangazo la mashine mpya.

Mimi ni mtu wa kuvimba kichwa, sikatai. Wateja walikuwa wanaipigia kelele miezi mitatu kabla haijafika, picha zake kwenye simu zao, na ukumbi wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umeshaandika mlangoni "Inakuja hapa". Bei ya siku ya kwanza ilikuwa bei ya pikipiki iliyotumika kidogo. Nilimwambia Kaka kwamba nitainunua. Alikuwa ameinamia redio, hakuinua uso.

"Subiri miezi sita, mdogo wangu. Bei ya siku ya kwanza ni ya watu wenye haraka na wenye hela za kuchezea. Wewe una haraka tu."

"Miezi sita wenzangu wameshanichukulia wateja."

"Watachukuliwa na nini? Ikiwa ghali hivyo, nani atakuwa nayo nyumbani? Wasipokuwa nayo watu, nani atahangaika kuitengenezea gemu? Utabaki na mashine nzuri isiyo na cha kucheza." Akapuliza vumbi ndani ya redio. "Na hiyo pedi yake umeishika?"

"Nimeiona kwenye tangazo."

"Tangazo halina jasho la mkono."

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia anaogopa kila kitu kilichotengenezwa baada ya redio ya mbao. Akacheka kidogo akaendelea na kazi yake, na mimi nikaondoka nimemshinda kwa kelele.

Muuzaji wa mashine tunamwita Kipara, ingawa ana nywele. Alikuwa na upara wa moyo, tulisema. Masharti yake yalikuwa haya: nimpe mashine zangu nne za zamani, kila moja na pedi zake mbili zinazofanya kazi, halafu niongeze hela juu. Pedi nane. Asubuhi ya siku ya kwanza, watu wameshapanga foleni dukani kwake, nilihesabu pedi zangu na kuzipata saba. Ya nane ilikuwa kiganjani mwa Baba.

Nilijiambia mengi kwa haraka. Kwamba mashine yake nayo inaondoka, sasa pedi abaki nayo ya nini. Kwamba Kaka ataifungua ile mpya na kuitengeneza vizuri zaidi. Kwamba Baba naye anastahili kitu kipya. Nikazima mashine, nikachomoa waya, ndipo nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, naichukua hii. Nakuletea mpya, nzuri kuliko hii. Sawa?"

Kidole kikabonyeza. Tivi ilikuwa imeshazimwa. Nikasema, "Asante, Baba," nikamtoa pedi kiganjani taratibu, nikakimbia.

Kipara aliigeuza ile yenye uzi wa bluu. "Hii nayo imeugua nini?"

"Inafanya kazi."

Akaitupa kwenye boksi pamoja na nyingine.

Kaka alikuja jioni na bisibisi zake zote. Pedi ya Mheshimiwa haikuwa na skrubu hata moja; ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Akaipasua pembeni kwa kisu chembamba. Ndani, chini ya kila kiganja, kulikuwa na kitu cha kuhisi joto la mkono. Ndicho kilichoifanya pedi ijizime ikiachwa, na Kaka alikadiria kwamba ndicho kilichopandisha bei nzima. Vitufe havikuwa na nyaya za kuhamishwa, vilikuwa vimechapwa juu ya bati moja jembamba. Hapakuwa na pa kushika.

"Basi tumshikishe mkono wa kulia juu yake," nikasema. "Si lazima aubonyeze, uwepo tu."

Tukauchukua mkono wa kulia wa Baba, tukauweka kwenye pedi, nikaufunga kwa kitambaa. Pedi haikuwaka. Tukajaribu tena. Ule mkono ulikuwa wa baridi, ulikuwa wa baridi tangu kiharusi, na pedi haikuuhesabu kuwa mkono.

Nikaweka kiganja changu badala ya chake. Ikawaka. Baba akakimbiza mchezaji wake kwa kidole gumba, kushoto, kushoto, mpaka kwenye bendera ya kona. Vitufe vya kupiga vilikuwa upande wangu, mbali naye kama soko. Kitufe cha kusimamisha pia. Mchezaji akasimama pale kwenye kona na mpira wake mpaka wakaja kumnyang'anya. Baba akakiondoa kidole.

"Ulimuuliza kabla ya kumchukulia?" Kaka akaniuliza, tukiwa nje.

"Nilimuuliza. Alisema ndiyo."

Kaka akafunga begi lake.

Mheshimiwa naye hakuchukua muda kunigeuka. Ukumbini kwangu kuna joto, watu wanatokwa jasho, na kiganja kilicholowa pedi ilikikataa kama kilivyokataliwa cha Baba. Katikati ya penalti inazima. Vidole vya watu vilikuwa na miaka kumi ya mazoea ya pedi ya zamani. Vilijua njia bila kutazama. Sasa watu wazima walikuwa wanainamisha vichwa kutafuta kitufe, wanapigwa bao, wananitukana mimi. Gemu zilikuwa tatu, kisha zikawa nne, kisha hazikuongezeka. Wale wa ng'ambo ya barabara, ambao kumbe waliandika tu mlangoni na hawakununua, walibaki na mashine zao za zamani, na wateja wangu wakavuka mmoja mmoja. Kinyozi alivuka wa mwisho, akiniaga kwa mikono miwili.

Mwezi wa tano tangu niinunue, kampuni ikaipunguza bei karibu nusu. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimesimama, nikakaa. Mwezi wa saba wakatangaza kwamba hawataitengeneza tena. Walisema soko halikuipokea. Soko! Mimi niliipokea kwa mikono miwili kama walivyotaka.

Lakini hasara ya ukumbi si kitu. Ukumbi ningefungua mwingine hata wa kuuza mkaa. Nilichokuwa nakipoteza kilikuwa kwenye kona. Tulimpa Baba kengele ya baiskeli. Tukampa kiganja changu: bonyeza hapa, Baba, mara moja ndiyo. Wiki za mwanzo alibonyeza mara chache, bila nguvu, kisha akaacha. Mama wa mazoezi akanieleza, na hakunilaumu, na hilo ndilo lililouma. Alisema mzee hakuwa akikitumia kidole kunijibu mimi. Alikitumia kucheza; kunijibu kulikuwa nyongeza. Sasa mchezo umeondoka, na kidole kisipotumwa kitasahau njia. "Harakisheni," alisema. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu nilikuwa bado nasubiri Mheshimiwa achanganye, anirudishie wateja.

Mwezi wa nane nilimbeba Mheshimiwa mpaka kwa Kipara. "Hiyo? Niiweke wapi?" akasema, lakini akaipokea kwa vipuri, na badala yake akanipa mashine moja ya zamani. Ilikuwa yangu mwenyewe, ile ya kona. Niliijua kwa alama ya pasi mgongoni mwake. Nikamuuliza kuhusu pedi yenye uzi wa bluu. Hakuikumbuka.

Kaka aliunda nyingine kwa siku mbili, vitufe vilevile, mahali palepale. Uzi ulitoka kwenye droo ileile. Hakunisemesha muda wote huo, zaidi ya kuniomba taa niisogeze.

Tukaiunganisha mchana, ukumbi mtupu, mlango wazi. Mimi nikachukua pedi ya kwanza, tukamwekea Baba ya kwake kiganjani, tukakikalisha kidole gumba juu ya kitufe. Jezi zake zilikuwa palepale, zile nyeupe alizozipenda. Kwenye tivi yakaja maandishi, yanawaka na kuzima: mchezaji wa pili, bonyeza kuanza.

Tukasubiri. Kidole kilikuwa kimelala juu ya kitufe kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Kaka akakiinua, akakishusha taratibu mara moja, kumkumbusha. Alipokiachia kikabaki vile alivyokiacha.

"Hutaki kucheza, Baba?" nikauliza. "Umenikasirikia?"

Macho yake yalikuwa kwenye tivi. Sikujua yanaona nini.

"Angalau siku ile alikubali," Kaka akasema. Ndiyo maneno ya huruma pekee aliyonipa kwa miezi minane, na nilishindwa kuyameza.

"Hakukubali."

"Si ulisema..."

"Nilikuwa nimeshachomoa waya. Lakini kidole nilikiona." Nilikuwa namwambia Kaka, ila nilimtazama Baba. "Ulibonyeza mara mbili, Baba. Niliona. Mara mbili, na ya pili uliikandamiza."

Kaka akainuka. Akaokota bisibisi yake moja, akaiacha palepale mezani, akatoka nje kwenye jua. Sikumwita.

Nikapiga magoti mahali palepale nilipopiga siku ile. Safari hii tivi ilikuwa inawaka na waya ulikuwa umechomekwa vizuri, nilihakikisha. Nikamwambia, "Baba, bonyeza. Hata mara mbili. Niambie hapana." Nikamwambia tena, na tena, na juu ya kichwa changu maandishi yakaendelea kumwita mchezaji wa pili.