Kerneli Mpya na Video za Mama

Mama mkwe alipoanza kusahau majina ya wanawe, mwanawe wa mwisho alinunua kamera akawa anamrekodi akisimulia mambo ya ujana wake. Video alizihifadhi kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, iliyoundwa na mkewe, fundi wa kompyuta: mfumo wa Linux, na diski tatu zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama moja. Diski moja ikifa, mbili zinatosha kubeba kila kitu. Zikifa mbili, ndiyo basi tena. Nakala ya pembeni mke alikuwa hajaitengeneza. Kila mara alijiambia ataifanya akipata nafasi.

Asubuhi hiyo aliletewa taarifa ya kerneli mpya, ile programu ya kiini inayoendesha mashine. Akaiweka kwa mazoea, akaiwasha mashine upya, na ilipokaa sawa akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, video zote hazifunguki. Kerneli mpya haikupatana na kadi inayoshika diski, na diski mbili zilikuwa zimetupwa nje ya kundi kama mbovu.

Mumewe alimkuta amejiinamia. "Kuna nini?"

"Video za mama hazifunguki. Nimebadilisha kerneli, diski mbili zimetoka."

Mume alimpigia rafiki yake wa kazini, kisha akarudi mbio. "Anasema tuunde kundi jipya la diski, yataisha."

"Tukiunda jipya tunaweza kufuta hata kilichobaki. Tafadhali, usiguse kitu."

"Aliyegusa si wewe?"

Maneno yalimchoma mke. Alizima mashine, akaenda kuazima diski tupu ofisini kwake, akanakili zile tatu moja moja kwa kompyuta nyingine, ili akikosea akosee kwenye nakala. Kisha akaziweka nakala mahali pa diski zenyewe, akaiwasha mashine kwa kerneli ya zamani. Diski zote zikaonekana, nzima kabisa. Ila zile mbili zilikuwa zimeachwa nyuma kidogo na mwenzao, kumbukumbu za dakika za mwisho hazikuzifikia. Akazilazimisha kuungana.

Video zikarudi. Mama huyu hapa anacheka, mama huyu hapa anamtania jirani.

"Na niliyomrekodi jana?" mume aliuliza.

Mke aliifungua. Kioo kikabaki cheusi.

"Uliiingiza lini?"

"Leo asubuhi, ulipokuwa jikoni kwenye chai. Na kadi ya kamera nimeshaifuta nikarekodi kitu kingine."

Basi video hiyo ilikuwa ikihifadhiwa wakati diski zinatupwa nje. Mke alijaribu kila alichokijua, hadi akakosa la kujaribu.

"Kulikuwa na nini humo?"

"Aliniita Kidonda. Utotoni nilikuwa sikosi jeraha gotini. Miaka sijamsikia akiniita hivyo."

"Nisamehe, baba watoto."

Mume alivuta kiti akakaa kando yake, macho kwenye kioo. Mke alichomeka diski ya nje akaanza kutengeneza nakala ambayo ilitakiwa iwepo tangu zamani. Sebuleni mama alisikika akiuliza ni nyumba ya nani hii.

"Nenda wewe," mume alisema taratibu. "Mimi leo siwezi."

Mke akainuka, akaenda kumwambia mama kwamba ni kwake.