Beseni la Alhamisi

Kila Alhamisi beseni langu la bandeji lilikuwa tupu. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla sijajua kwamba kuna watu hulipwa kwa kuona vitu kama hivyo.

Kazi yangu ni kufua jezi na bandeji za timu ya mpira ya wanawake. Mchezaji akiteguka mazoezini, shangazi humfunga barafu kwa bandeji, akimaliza anaitupa kwenye beseni, nami naifua kesho yake asubuhi. Watu humwita shangazi daktari wa timu. Si daktari. Amesomea kuwakinga wanamichezo wasiumie na kuwahudumia wakiumia, na kila akiieleza kazi yake mtu humuuliza kama anachua na migongo.

Mimi niliishia darasa la tano, lakini kuhesabu najua. Kila asubuhi nilichora kijistari kwenye daftari kwa kila bandeji iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu. Jumanne vitatu, Jumatano vinne. Alhamisi hakuna. Misimu miwili mizima Alhamisi hakuna, maana Jumatano hakuna aliyeumia.

Wachezaji waliniita Bubu. "Bubu, leo ukitamka neno moja tu, bandeji nafua mimi," alinitania mdogo wangu. Yeye wanamwita Kiberiti, kwa mbio zake na kwa mdomo wake. Tumbo letu moja, ila maneno yote alibeba yeye. Timu ndiyo inayomlipia shule. Miguu yake ndiyo ada yake.

Shangazi alipoliona daftari alilishika kwa mikono miwili. "Hii ni dhahabu, mwanangu." Akaandika maombi ya ruzuku ya utafiti, apate vifaa vya kupimia uwanja na viatu, ajue kwa nini wasichana hawa wanateguka hivi. Kwenye fomu aliandika "takwimu za mtafiti". Sikuuliza mtafiti ni nani.

Wakaja watatu kutoka kwenye mfuko wa utafiti. Chumba chetu cha huduma kina kitanda kimoja kilichochanika godoro, na friji. Nilijibanza kwenye friji, nikivunja barafu.

"Kwani hii nayo ni fani?" aliuliza mzee wa miwani, akinusa chupa ya dawa ya kuchulia. "Si kukandana tu huku?"

"Ni fani, mheshimiwa. Kukanda ni sehemu ndogo sana."

"Mama, madaktari wenyewe wamepanga foleni mezani kwangu. Wewe unataka fedha uhesabu vifundo vya miguu?" Mwenzake akacheka, kama mtu aliyeajiriwa kucheka.

Mwanamke wa tatu hakucheka. Alikuwa anasoma daftari langu. "Swali langu moja tu. Siku zote za mazoezi kuna majeruhi. Jumatano hakuna hata mmoja, misimu miwili. Kwa nini?"

Shangazi akaniangalia. Kisha akaangalia pembeni.

"Ah, hiyo... Bandeji za Jumatano hufuliwa Alhamisi. Na huyu binti wa kufua, Alhamisi huwa haji."

"Binti wa kufua ndiye aliyekusanya takwimu?" Mzee alinigeukia. "Umesoma mpaka wapi, wewe?"

Nilivunja kipande kingine cha barafu.

"La tano," shangazi alinijibia, kama anayeomba radhi kwa mbuzi aliyeingia sebuleni.

Yule mwanamke akalifunga daftari polepole. "Pengo kama hili linaua kazi yote. Poleni."

Barua ya kukataliwa ilipofika, shangazi alinitupia. "Ungesema kitu, wewe! Umesimama kama nguzo!"

Mimi! Sijakosa Alhamisi hata moja. Bandeji zisipokuwapo nilifua jezi, hata nikiwa na homa. Alhamisi ya msiba wa baba, kaka yake wa damu, ni yeye aliyenitoa kwa waombolezaji akisema timu haiwezi kungoja. Nilifua machozi yakidondokea povu.

Wiki ya tatu baada ya barua, Kiberiti aligeuka na mpira mbele ya goli. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Goti lililia ko, nikalisikia nilipo. Tulimlaza kwenye kitanda kile, nikamwekea barafu. Alinishika mkono akasema, "Dada, nitasoma tena?" Hakuniita Bubu.

Shangazi alisimama na bandeji mkononi, analia. Nilimnyang'anya nikafunga mwenyewe. Hata siku ile sikusema. Nasema sasa.

Shangazi, Jumatano uwanja wetu wa udongo hukodishwa, na wasichana hufanyia mazoezi kwenye nyasi za shule ya jirani. Unajua wanakoenda, ruhusa unasaini wewe. Wasichana ni wale wale, viatu vile vile. Ardhi tu ndiyo nyingine. Lile halikuwa pengo. Lile ndilo lilikuwa jibu, na mimi Alhamisi zote nilikuwapo.