Maongezi Chini ya Rundo

Timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tollefson, vuli ya mwaka 1943, iliteuliwa na daktari wa jeshi. Kila kijana aliyemwona mzima alimpeleka vitani. Kila aliyemkataa alimwachia kocha. Hivyo ndivyo chuo hicho cha Minnesota kilivyojaliwa kikosi chenye nyayo bapa, pumu, jicho moja la kioo, na Orrin Skaar, jitu la mstari wa mbele ambalo sikio lake la kushoto halikusikia hata kengele ya kanisa. Kocha naye alikuwa mwalimu wa mimea, kwa kuwa kocha halisi alikuwa vitani Italia, kwenye matope. Aliwafundisha mbinu kwa mifano ya mizizi. Walifungwa kila mechi, tena kwa nidhamu ya kupigiwa mfano.

Lakini Jumamosi ile, mechi ya mwisho ya msimu, Orrin hakuwa na haja na ushindi. Alikuwa na neno la kumwambia Leland Voss.

Mpaka mwezi uliopita Leland alikuwa mwenzake wa chumba na mkimbiaji wa kutegemewa wa Tollefson. Kisha akajiunga na wanamaji, na wanamaji, wanaohamisha watu kama viti vya harusini, wakampeleka mafunzoni Chuo cha Brandt, mahasimu wa jadi, ambao hawakuchelewa kumvika jezi yao. Siku ya kuondoka, timu nzima ilimsindikiza stesheni isipokuwa Orrin. Asubuhi ileile Orrin alikuwa amejaribu tena kujiandikisha jeshini, na daktari akamkataa tena. Akarudi chumbani, akamkuta Leland anafunga sanduku, akamwambia, "Nenda kavae kofia yako nyeupe ya ubaharia upigwe picha. Wala usiniandikie." Leland, mtu mtiifu, hakuandika.

Sasa Leland alikuwa apande treni Jumatatu kwenda pwani, na kutoka huko melini. Timu ya Brandt ilifika kwa basi, ikiongozwa na afisa mwenye taya kama droo ya kabati, aliyetangaza kwamba mtu wake yeyote hatazungumza na raia: basi, uwanja, basi. Orrin alijaribu kusogea. Afisa akamwonyesha kwa kidole njia ya kurudi alikotoka.

Basi ikabaki njia moja ya halali ya kuongea na Leland. Katika mchezo ule, mtu hukumbatia mpira na kukimbia. Akiangushwa, wenzake na maadui humlalia juu kwa rundo, mpaka mwamuzi apulize filimbi na kuwafumua. Chini ya rundo hakuna afisa.

Orrin, ambaye kwa kawaida alikimbia kama kabati la nguo, alimfikia Leland kabla robo ya kwanza haijaisha.

"Ni mimi," akahema.

"Najua. Nani mwingine mzito hivi?"

Filimbi. Orrin akainuka. Leland alikuwa amegeuza kichwa chini ya uzito wote ule ili kumsemesha kwenye sikio la kulia.

Mara ya pili Orrin alisema, "Siku ile ya stesheni..."

"Mbavu zangu, bwana."

"Nilitaka kuja."

"Hukuja lakini."

Filimbi. Baada ya hapo Leland akawa anapita upande mwingine wa uwanja, kila mara, na Orrin akaona wazi kwamba anakwepwa.

"Skaar, leo umeingiwa na nini?" akauliza Casper, yule wa pumu. "Mpaka tunakaribia kuwa timu."

"Nina maongezi na Voss."

Casper alilitafakari jambo hilo kwa uzito uliostahili. "Sisi tutaziba kushoto," akasema. "Tutakuletea."

Wakaziba. Rundo la tatu lilikuwa kubwa, na Casper alikuwa ndani yake.

"Walinikataa asubuhi ile," Orrin akasema. "Sikio."

"Nilijua. Nilikuona usoni ulipoingia chumbani."

"Ulijua, na bado ukaondoka kimya?"

"Ulinifukuza, Orrin. Nilisimama kwenye ngazi ya treni mpaka kondakta akanivuta ndani."

"Semeni haraka," ikasema sauti ya Casper. "Wengine hatupumui."

Filimbi. Na neno lenyewe Orrin hakuwa amelisema.

Dakika za mwisho zilikuta ubao wa matokeo haujaandikwa kitu kwa upande wowote, jambo ambalo Tollefson hawakulizoea na liliwatia hofu. Brandt wakampa Leland mpira. Orrin akamwendea, akateleza kwenye nyasi zenye barafu, akaanguka magoti. Aliponyanyua kichwa, kushoto kote kulikuwa wazi mpaka mstari wa goli. Hapakuwa na mtu wa kumzuia Leland, na Leland alikuwa ameshauelekea. Orrin akabaki pale pale, mikono mitupu. Imekwisha, akawaza. Jumatatu treni.

Leland alitazama goli. Kisha akamtazama mtu aliyepiga magoti. Akakata kona, na huku benchi la Brandt likipiga kelele kama banda la kuku lililoingiliwa na mbweha, akakimbia moja kwa moja hadi kwa Orrin na kujibwaga mikononi mwake.

"Haya," akasema, kwenye sikio la kulia. "Lakini upesi. Kocha wangu ataniua kabla ya Wajapani."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe kabla treni haijafika mtoni. Utaniandikia?"

"Kila wiki."

"Na uandike vizuri. Hati yako ni kama kuku kapita."

Hakuna aliyewalalia. Casper alikuwa amenyoosha mikono, akiwazuia wenzake wasisogee, na vijana wa Brandt nao wakasimama. Mwamuzi alishaweka filimbi mdomoni. Akaonekana kutafuta pumzi ya kuipuliza, akachelewa kidogo kuipata.