Kanda ya Mwalimu Ana

Nakutegea wewe unayenisoma, na usiwahi kunipa mji kabla hujafikiri. Ukimpa mtu, unabaki nacho. Akienda nacho ng'ambo, bado unacho. Siku akikirudisha, kinapita mbele yako kimevaa viatu vyake na hakikuamkii. Ni nini hicho?

Haya, baki na mji wako. Ni wimbo. Na huo ninaousema ulinipita sokoni Morogoro, mwaka wa tisini na mbili, mchana kweupe.

Nilikuwa nimeteremka kutoka Bigwa kumtafutia kanga mjukuu wangu Pendo, mtoto wa binti yangu. Alikuwa ndani, mwali, zimebaki siku nne atolewe. Wakati ule wa ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, soko lilikuwa limefurika: mitumba imemwagwa juu ya maturubai, sabuni za kila rangi, redio za spika mbili, na kanda. Kijana mmoja, Geofrey, alikuwa na kibanda cha kanda, spika kaiweka juu ya kreti la soda. Ikalia fidla, likaingia gitaa, zikafuata ngoma za kizungu. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kuimba Kiluguru. Kimepindwapindwa, lakini Kiluguru. Mchukuzi mwenye gunia la karanga za Gairo begani akawa anatikisa kiuno, na wimbo anaoutikisia ni wimbo wetu wa asubuhi.

Wimbo huo nitakueleza ulivyo, ila maneno yake siandiki, na ukiniuliza nitakwambia nimesahau. Kwetu mwali akikaa ndani hufundishwa nyimbo nyingi, na makungwi huziimba pamoja. Lakini asubuhi ya kutolewa, kabla mlango haujafunguliwa, bibi yake upande wa mama humwinamia sikioni na kumpa wimbo mmoja. Haupigiwi ngoma. Mwanamume hausikii. Na kila mwanamke huutoa mara moja tu maishani. Akishautoa amemaliza, hata akijaliwa wajukuu kumi, hao wengine watapewa na bibi zao wengine wa ukoo. Mimi wangu nilikuwa nimemtunzia Pendo tangu siku aliyozaliwa.

Nikamwambia Geofrey azime. Akaniamkia vizuri, mtoto mwenye adabu, halafu akaniambia, "Bibi, hii ni Ulaya hii. Bendi ya Waingereza."

"Uingereza gani wanakosema Kiluguru?"

"Bibi nawe. Mbona sisi tunaimba Kizaire, tunakijua?"

Watu wakacheka. Mimi nikakaa chini mbele ya kibanda, miguu nimeinyoosha, nikakaa hasa, mpaka akaona wateja wanapita upande wa pili. Akaitoa kanda, akanikabidhi pamoja na jalada lake, akisema nichukue tu, watu wanataka rumba.

Nyumbani nikampa Devotha, mke wa mwanangu, anayefundisha Kiingereza sekondari. Ndani ya jalada mlikuwa na karatasi iliyokunjwa kama mkeka wa safari, imejaa historia ya bendi. Devotha akaisoma nami nikimenya maharage. Bendi inaitwa Askerdale. Ilianza mwaka wa sitini na nane, katika chumba juu ya baa, vijana watano waliochoka kuigiza Wamarekani. Wakasema, twende kwa wazee wetu. Wakazunguka vijijini kwao wakizikusanya nyimbo za kale, wakazitia magitaa ya umeme, na wazee wengine wakawafukuza kwa makelele yao. Mpiga fidla wa kwanza akaoa, akaacha. Mpiga ngoma akagombana na mpiga gitaa, kila mmoja anataka kuwa mkubwa. Mwaka wa sabini na tano wakasambaratika, mmoja akawa anapeleka barua kwa baiskeli. Mwaka wa tisini wakapatana, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Nilisikiliza kwa heshima. Vijana wanaowatafuta bibi zao, nani asiyewapenda?

Kisha Devotha akafika kwenye orodha ya nyimbo. Huu tuliimbiwa na mchunga kondoo Tom Harker, jikoni kwake, akiwa na mbwa wake Nell. Huu ni wa Bibi Ada, mfuma soksi, alikuwa na miaka tisini. Kila wimbo na mtu wake. Akafika wa mwisho, akapunguza sauti: "Wimbo wa jadi wa Afrika. Mwenyewe hajulikani."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Yaani mbwa anajulikana, mimi sijulikani.

Na aliyeuleta anajua fika. Picha ilikuwa pale: mwanamke mwenye fidla, kazeeka, lakini lile pengo la meno ya mbele ni lake. Mwalimu Ana. Alikuja kufundisha mwaka wa sabini na moja, akakaa chumba cha uani kwangu miaka miwili. Alikula ugali wangu. Wanawake walipomuuliza kama kwao alichezwa, akasema hapana, hakuna kitu hicho. Mwanamke wa miaka ishirini na sita hajafundwa. Tulimwonea huruma mpaka tukashindwa kulala, tukamweka ndani siku saba, tukamfundisha nyimbo zote. Zote isipokuwa wa asubuhi, maana hakuwa na ukoo wala bibi wa kumwinamia. Mlango ukafunguliwa, akatoka bila huo.

Basi nani alimpa?

Habari haina miguu lakini ilinitangulia kufika kisimani. Jioni ile ile Bi Mwamvita, mkubwa wa makungwi, akaja na wenzake wawili. Hakukaa. Alinieleza kwa upole unaochoma kuwa Ana alilala kwangu, alinifuata kama mkia, na kwamba aliyempa ameshatoa wake na hawezi kutoa tena. Kwa hiyo Pendo atapewa na binamu yangu wa Mikese.

"Mwamvita," nikamwambia, "mimi nimekupokelea watoto wako wanne kwa mikono hii."

"Ndiyo maana sijakutukana, Skola."

Siku tatu nilizunguka. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kila mwanamke wa ukoo wetu aliyekuwepo mwaka ule, nikauliza swali moja tu. Mmoja aliniapia. Mmoja alinicheka, akasema niache kuwasumbua watu kwa dhambi yangu. Hasira yangu ikawa haijui imkae nani. Nilimchukia Ana aliyekabidhi kitu cha sikioni kwa dume lenye kipaza sauti. Nikayachukia na matairi ya malori yaliyoleta kanda. Zaidi nilimchukia huyo mmoja wetu aliyenyamaza huku mimi nikivuliwa nguo.

Kwa Josephina sikwenda. Josephina ni mdogo wangu, tumbo moja. Hakujaliwa mtoto. Kazi yake siku zote ni kuwatungia wali shanga za kiunoni, na hakuna anayetunga kama yeye. Ningemuuliza mtu kama huyo jambo la wajukuu, ningekuwa namtonesha.

Asubuhi yenyewe ikafika. Wanawake walijaa chumbani, binamu wa Mikese ameketi kwenye kigoda ambacho ni changu, hanitazami. Pendo alikuwa amefunikwa kanga. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi yuko wapi?" Nilikuwa mlangoni, nimekatazwa kuvuka kizingiti. Josephina alikuwa amepiga magoti, akimfunga shanga.

Nikasema pale pale kizingitini, kwa wote. "Nauliza mara ya mwisho. Sitaki kumpiga mtu wala kumtoa ukooni. Nataka kumpa mjukuu wangu kilicho chake. Nani alimpa Ana wimbo wa asubuhi?"

Binamu akamwinamia Pendo sikioni.

"Subiri," Josephina akasema.

Alimaliza kwanza fundo la shanga, akalikaza. Hakugeuka.

"Aliletewa barua kuwa mama yake amefariki. Wewe dada ulikuwa shamba. Akaja kwangu, akalala sakafuni akaniwekea kichwa mapajani, akalia mpaka kanga ikalowa. Nami wangu nilikuwa nao, na sikuwa na mtu wa kumpa. Nilimpa mimi."