Mkono wa Mashoto

"Hodi! Kwa Mama Sagini ni wapi?"

Mgeni alisimama mlangoni kwetu, viatu vimejaa matope ya barabara ya Kaplong. Alijitambulisha kuwa Okemwa, mwalimu kutoka Lodwar. Ndani ya karatasi alikuwa amekunja memori kadi yenye video ya mwalimu mwenzake, Sagini, ambaye hajafika nyumbani miaka sita. Simu yake mwenyewe ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, isiyocheza video.

Nikampeleka kwa jirani. Macho ya Mama Sagini yameingia ukungu. Kwenye simu yangu angeona mwanga tu. Kwa hiyo nikatoboa katoni ya viatu, nikabandika tunduni lenzi ambayo babu husomea Biblia, nikaingiza simu yenye ile kadi kichwa chini, kwa sababu lenzi hupindua picha. Tukaziba dirisha kwa blanketi, tukaning'iniza shuka jeupe katikati ya chumba.

Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Betri ilibaki asilimia nane, na kabla ya saa kumi nilitarajia kupigiwa simu ya kazi, ya kwanza tangu nihitimu. Nisipopatikana, walisema, watampigia mwingine.

"Mwanangu, usizime kabla hajamaliza," Mama Sagini akasema.

"Sizimi, Mama."

Sagini akatokea, mkubwa kama mlango, akiandika ubaoni. Mama akasogelea shuka.

"Anatumia mkono wa kulia," akasema polepole. "Akiwa mdogo nilikuwa namfunga ule wa kushoto na kitambaa, ati aache. Kumbe nilimshinda."

Okemwa akacheka. "Umshinde nani, mama? Shule nzima inamwita Mashoto!"

Nikatazama ubao. Herufi zote zilikuwa zimegeuka. Lenzi!

"Mama, njoo huku nyuma ya shuka."

Nikamshika mkono tukazunguka. Upande ule maandishi yalinyooka, na chaki ilikuwa katika mkono wa kushoto. Mama akaweka kiganja chake juu ya mkono huo.

"Mashoto wangu," akasema, akicheka na kulia.

Hapo simu ikalia. Namba ngeni ikajaa shuka lote, ikamfunika Sagini. Nikakimbilia katoni: asilimia mbili.

"Pokea, dada," Okemwa akaninong'oneza.

Kiganja cha Mama kilikuwa bado kwenye shuka, kikingoja. Nikakata.

Sagini akarudi. "Mama, Desemba nakuja. Na nitakula ugali wako na huu huu." Akainua mkono wa kushoto, akapunga mpaka mwisho wa video.

Kisha shuka likawa giza.