Ringi Kwenye Kamba Moja

"Usiniite Mama Blessing. Hapa mie ni mwalimu Apolonia."

"Basi, mwalimu," Leodegar alisema, ameikumbatia ringi ya baiskeli kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. "Sauti chini. Wageni wako ukumbini."

"Wasikie! Umemwambia mkuu wa shule nimekataa kwenda kusoma digrii. Nilikataa lini?"

"Una mtoto mchanga. Nafasi yenyewe moja. Nilikuonea huruma."

"Ulijionea huruma mwenyewe."

Huyu ndiye baba wa ubatizo wa Blessing. Ndiye aliyemletea Apolonia supu wodini alipojifungua huyu mchanga, mdogo wake Blessing. Ringi hiyo Apolonia aliinunua kwa fundi wa Tandale, akaipaka grisi mwenyewe, kisha, mimba ikiwa imemlemea, akamfundisha Leodegar jaribio lake la fizikia: ringi inayozunguka inafungwa kamba upande mmoja tu, na haidondoki. Aliamini anamfundisha msaidizi. Sasa wageni wanaotoa nafasi ya digrii wamekuja kutazama jaribio hilo kabla ya kumchagua mwalimu wa kusomeshwa, na jina waliloambiwa ni la Leodegar.

"Haya, nieleze," Apolonia alisema. "Kwa nini haidondoki?"

"Ikizunguka inakuwa nyepesi."

Apolonia alimtazama. Kumbe hata kusikiliza hakuwa anasikiliza.

"Nyepesi wapi? Uzito uko palepale, unavuta chini vilevile. Ila kwa sababu ringi inazunguka kwa kasi, ule mvuto hauiangushi, unaugeuza mhimili wake pembeni. Ndiyo maana inaizunguka kamba. Kasi ikipungua ndipo inayumba na kushuka."

"Sawa. Na utasimama mbele za watu kueleza hayo, maziwa yanakuvuja?"

Apolonia aliinamisha macho. Kweli, blauzi ilikuwa imelowa upande mmoja. Wakati ule wa supu, Leodegar alimwambia asione aibu, yeye ni ndugu.

Alimpokonya ringi, akausukuma mlango wa ukumbi kwa kiwiko.

"Shikamooni. Mkuu, mie sikukataa kitu. Nitakwenda kusoma, na mwanangu nitambeba."

Hakungoja jibu. Alifunga ncha moja ya ekseli, chuma cha katikati ya ringi, kwenye kamba iliyoning'inia darini, akaishika ringi wima, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Spoki zikapotea machoni. Nyuma yake Leodegar alikuwa akiita, "Mama Blessing! Mama Blessing!"

Akaachia.

Ringi ilibaki wima hewani, ikaanza kuizunguka kamba taratibu.